Moto haufuti kila kitu: kukosoa sentensi moja juu ya bati la magnesiamu

Leo tutoke kidogo mu mashamba, tuingie mu metali. Kuna sentensi moja yenye kutembea toka promosio moja mpaka ingine, mu silabusi, mu fotokopi, mpaka mu memwari: rola inaharibu metali, moto unairudisha kama mwanzo. Ni fupi, inashikika haraka, na siku ya egzameni inakupa pointi. Mimi leo nataka kuikosoa. Si juu iko uongo mtupu. Iko nusu ya ukweli, na ile nusu yenye kukosekana njo yenye kuamua kila kitu wakati metali yenyewe inaitwa magnesiamu.

Mtu ataniuliza: wewe lisansi yako ni ya agronomia, bati la magnesiamu linakuhusu nini? Jibu liko mbili. Kwanza, magnesiamu sisi tunaifahamu vizuri: njo inakaa katikati ya klorofili, na ikikosekana, majani ya chini ya muhindi yanageuka manjano katikati ya mishipa. Pili, kuna neno moja tunalotumia pamoja na watu wa metali bila kuelewana. Neno hilo ni tekstura, na ubovu wa ile sentensi unaanzia hapo.

Neno moja, vitu viwili

Mu udongo, tekstura ni hesabu ya ukubwa wa punje: mchanga kiasi gani, limo kiasi gani, ufinyanzi kiasi gani. Ukilima leo ama kesho, hesabu hiyo haibadiliki. Namna punje zile zinavyopangika, zinavyoshikamana na kuachia maji na hewa nafasi, hiyo tunaiita struktira.

Mu metali mambo yamepinduka. Bati la metali limejaa punje ndogo, kila punje ni kristali moja, na kila kristali iko na upande inakotazama. Tekstura ya metali ni hesabu ya zile pande: je, punje zinatazama ovyo ovyo kila mahali, ama zote zimegeukia upande mmoja sawa vile waamini mu kanisa? Kwa hiyo kile wao wanaita tekstura kinakaribia kile sisi tunaita struktira. Ni mpango, si ukubwa. Mwanafunzi mwenye kutoka mu pedolojia akisoma «tekstura ya aloi» anaweza kufikiri wanaongea juu ya punje kubwa na punje ndogo. Hapo anapotea toka ukurasa wa kwanza, juu moto unabadilisha sana ukubwa wa punje, lakini mpango wao ni habari ingine.

Bunda la karata

Tuone kwa nini mpango huo ni wa maana. Magnesiamu ni nyepesi: sentimita moja ya mraba-tatu inapima gramu 1.74, alumini 2.70, chuma 7.87. Watu wa gari wanaitamani tangu zamani. Ile Volkswagen ya kobe ilikuwa na kasha la injini na la gia ya magnesiamu. Lakini angalia: yale makasha yalimiminwa mu kalibu. Mpaka leo magnesiamu nyingi yenye kuwa mu gari ni ya kumiminwa. Bati lake, lile la kukunja na kusukuma mpaka liwe mlango ama paa, linabaki nyuma, na sababu kubwa ni tekstura.

Atomi za magnesiamu zimejipanga mu tabaka za pembe sita, tabaka juu ya tabaka. Fikiri bunda la karata. Ukilisukuma kwa ubavu, karata zinateleza moja juu ya ingine bila shida. Ukilikandamiza toka juu ili liwe jembamba zaidi, halikubali: karata hazina pa kuteleza. Kristali ya magnesiamu iko vile vile. Mu joto la kawaida, kuteleza kwa tabaka njo njia rahisi kuliko zote, na njia hiyo haipunguzi urefu wa bunda hata kidogo. Njia zingine ziko, lakini zinadai nguvu nyingi zaidi. Watu wa mekaniki wanatuambia kwamba ili punje igeuke umbo lolote bila kupasuka, inahitaji njia tano za kuteleza zenye hazitegemeani. Tabaka za magnesiamu zinaipa mbili tu.

Sasa pitisha bati mu rola. Chukua aloi ya kawaida kuliko zote, AZ31, yenye karibu 3% ya alumini na 1% ya zinki. Ikiwa baridi pembe zake zinapasuka mapema, ndiyo maana wanaipasha mpaka digrii 300 ama 400 mbele ya kuipitisha. Kila pasi ya rola inabana bati na kulivuta, na kila bunda la karata linageuka polepole mpaka linalala. Mwisho wa kazi, punje karibu zote zimelala: karata zote sambamba na uso wa bati. Hiyo njo wanaita tekstura ya bazali.

Matokeo yake ni mabaya kwa mwenye kutaka kukunja. Bati likivutwa pande zote kwa pamoja, lazima liwe jembamba. Kuwa jembamba ni kukandamiza kila bunda toka juu, kazi ile ile yenye bunda linakataa. Na kuna jambo la pili. Ukilibana bati kwa ubavu, kristali iko na ujanja: sehemu yake inageuka ghafla karibu digrii 86 na kuwa pacha wa ile ya kwanza. Ujanja huo unakubali bunda lirefuke, haukubali lifupike. Kwa hiyo bati linakubali kubanwa kwa nguvu ndogo, na linakataa kuvutwa mpaka nguvu kubwa. Wakati wa kukunja, upande wa ndani unabanwa na ule wa nje unavutwa: ndani kunatii, nje kunagoma, na ufa unaanzia nje.

Moto unafanya nini kweli

Sasa tufike ku moto. Baada ya rola, bati la AZ31 linawekwa mu tanuru, mara nyingi karibu na digrii 345, kwa saa moja ama mbili. Kazi hiyo watu wa kiwanda wanaiita rekwi. Mkazo wenye rola iliacha ndani unatoka. Punje zilizobondeka zinaachia nafasi punje mpya, safi, za mviringo. Ugumu unashuka, bati linarefuka zaidi mbele ya kukatika. Ile sentensi ya silabusi inaishia hapa, na mpaka hapa iko na haki.

Lakini pima tekstura mbele na nyuma. Mu AZ31 punje mpya zinazaliwa na kutazama karibu kule wazazi wao walitazama. Ukali unaweza kushuka kidogo, na moto ukiendelea muda mrefu, punje zenye kulala vizuri zinaweza kukua na kumeza zingine. Tekstura ya bazali inabaki. Moto umebadilisha watoto, familia ni ile ile. Kama tungekuwa mu shamba ningesema hivi: umekanyaga udongo na trakta miaka kumi, chini ya jembe kumekuwa tabaka gumu. Mvua moja kubwa inalainisha juu, unaingiza jembe kwa raha, unashangilia. Mizizi ikishuka sentimita chache inakuta tabaka bado liko.

Mwenye kutetea ile sentensi atasema: sawa, magnesiamu ni mtoto mgumu, lakini kwa metali zingine ni kweli. Tuchukue basi shaba, metali yetu ya Katanga. Shaba iliyobanwa sana na rola, ukiipasha, punje mpya hazirudi ovyo ovyo. Mara nyingi zinajipanga upya mu mpango mwingine mkali, wenye wanaita tekstura ya kibu. Sukuma bati lile liwe kikombe: mdomo unatoka na masikio manne, haukai sawa, lazima uukate. Kwa hiyo hata ku shaba moto haukufuta. Uliandika andiko jipya juu ya lile la zamani. Tofauti ni kwamba kristali ya shaba iko na njia 12 za kuteleza, kwa hiyo hata ikitazama vibaya inapata pa kupita. Shaba inasamehe silabusi mbaya. Magnesiamu haisamehe.

Makosa matatu mu namna ya kuandika

Sikosoi silabusi peke yake. Hata mu artikile zenye kuheshimika, na zaidi mu memwari zenye kuzifuata, naona mazoea matatu yenye kulisha ile nusu ya ukweli.

La kwanza ni kupima kurefuka kwa bati upande mmoja na kuita jibu «uwezo wa kuumbika». Bati la AZ31 lililopita mu moto linaweza kurefuka karibu 20% likivutwa kama kamba. Namba nzuri hiyo. Lakini likivutwa hivyo linapunguza upana, halipunguzi sana unene. Bunda halikandamizwi sana toka juu, na mambo yanaenda. Lipeleke sasa ku jaribio la Erichsen: wanalishika pembeni pande zote na kulisukuma katikati na chuma chenye kichwa cha mviringo cha milimita 20, wanapima lilivimba milimita ngapi mbele ya kupasuka. Pale upana haupungui tena, lazima unene upungue, na AZ31 ya kawaida mu joto la nyumba inapasuka karibu na milimita 3 ama 4. Bati moja, namba mbili, hukumu mbili. Mwenye kuandika ya kwanza na kuficha ya pili hajadanganya, lakini msomaji ametoka na uongo mkononi.

La pili ni rangi. Tekstura inaonyeshwa na mchoro wa duara, figira ya poli, wenye rangi toka bluu mpaka nyekundu. Namba yake inasema punje zimejaa upande fulani mara ngapi zaidi ya bati lenye punje zimetawanyika ovyo. Shida ni kwamba kila mchoro unaweza kuwa na kipimo chake. Nyekundu ya mchoro mmoja inaweza kuwa 5, ya jirani yake 15. Jicho linaona nyekundu mbili na kusema ni sawa, ama linaona nyekundu ndogo na kusema tekstura imepungua. Na bado hatujauliza walihesabu punje ngapi. Mionzi ya X inapita juu ya punje nyingi sana kwa pamoja. Mikroskopu ya elektroni inaona kipande kidogo, na kama punje zimekuwa kubwa kwa sababu ya moto, kipande kile kile kinakamata punje chache. Ni sawa vile kupima udongo wa hektari nzima na sampuli moja ya kijiko: hakuna mhojaji angeikubali siku ya kutetea memwari yetu.

La tatu ni kuchanganya wageni wawili na kumshukuru mmoja. Moto unabadilisha ukubwa wa punje na pia, kidogo ama sana, tekstura. Bati likiboreka, mwandishi anasema: ni tekstura. Umejuaje? Punje zikiwa ndogo ama kubwa, hata wale pacha wanazaliwa kwa urahisi tofauti. Sisi watu wa mashamba tulifundishwa jambo hilo toka mwaka wa kwanza: usibadilishe mbegu na mbolea msimu mmoja halafu useme ni mbolea.

Kazi zenye kufungua macho

Haingekuwa haki kubomoa bila kuonyesha wenye wamejenga. Mwaka 2007, mu jarida Acta Materialia, Bohlen na wenzake walionyesha mabati ya magnesiamu yenye zinki na kiasi kidogo cha madini adimu, sawa vile seri na neodimi. Pale, baada ya rola na moto, tekstura ilikuwa dhaifu zaidi kuliko ya AZ31, na mabunda mengi yaliinama kuelekea ubavu wa bati. Karata hazilali zote tena. Bati linapata kuwa jembamba. Mu aloi za aina hiyo, na zingine zenye zinki na kalsiamu, watafiti walipata Erichsen yenye kupita milimita 8 mu joto la kawaida.

Ninachopenda mu kazi ile ni uaminifu wake: haikuishia ku namba nzuri. Walipima bati upande wa rola, upande wa ubavu, na katikati yao, na walionyesha kwamba udhaifu wa tekstura unalipiwa. Upande wa ubavu bati linatii ku nguvu ndogo zaidi. Mhandisi anapata mkunjo, anapoteza sehemu ya ugumu. Hakuna zawadi ya bure.

Kazi zingine, mingi za Japani, zilifika karibu na matokeo yale bila kugusa mchanganyiko: AZ31 ile ile, lakini pasi za rola zikafanywa ku joto la juu sana, karibu digrii 500, halafu moto wa mwisho. Tekstura ya bazali ikalegea, bati likavimba vizuri ku Erichsen. Kwangu mimi kazi hizi njo zenye kuua ile sentensi kabisa. Juu zinaonyesha kwamba moto wa mwisho unafanya paka kile rola ilimuandalia. Rola ikiacha ndani ya punje mahali pa kuzaliwa watoto wenye kutazama kwingine, moto unawalea. Rola isipoacha, moto unalea wale wale. Kwa nini madini adimu yanasaidia, watafiti bado wanabishana: wengine wanaangalia atomi zile nzito zenye kukaa ku mipaka ya punje na kuichelewesha, wengine wanaangalia mistari ya mkato na pacha wa aina ya pekee wenye kuzalisha punje mpya. Ubishi ule ni mzuri. Silabusi yenye kuuficha inatunyima sehemu tamu ya kozi.

Inatuhusu wapi

Kwetu kila mkutano unasema: tusiuze tena madini mabichi, tuyatengeneze hapa. Naunga mkono. Lakini sikiliza namna tunavyoongea: tani ngapi, asilimia ngapi, kiwanda wapi. Tunaongea sawa vile mali iko paka mu mchanganyiko. Magnesiamu inatuonya. China inatoa karibu 85% ya magnesiamu mpya ya dunia, na inaitoa mingi mu dolomi, jiwe la kawaida. Mwaka 2021, wakati umeme ulipunguzwa mu jimbo la Shaanxi, viwanda vya Ulaya viliingiwa na woga. Dolomi si kitu adimu. Iko mu mawe ya Katanga yenye kubeba shaba na kobalti, na sisi watu wa agronomia tunaisaga na kuimwaga mu shamba kupunguza uchachu wa udongo. Jiwe tuko nalo. Lakini kati ya jiwe na mlango wa gari kuna safari ndefu, na kipande cha mwisho cha ile safari hakiandikwi mu karatasi ya mchanganyiko. Mabati mawili ya AZ31, kemia moja, bei moja ya kilo: moja linakunjwa, lingine linapasuka. Yenye kuyatofautisha ni joto la rola, idadi ya pasi, saa za tanuru, na daftari la mtu mwenye aliandika yote hayo kila siku.

Juu ya hiyo, sentensi mbaya ya kozi si jambo dogo. Kijana mwenye ameamini kwamba moto unafuta kila kitu hataona faida ya kuandika namna rola ilifanya kazi. Kwake historia ya bati inafutwa mu tanuru, kwa nini aitunze? Siku atapewa kiwanda, atanunua aloi nzuri, atapasha vizuri, bati litapasuka, na atalaumu muuzaji wa aloi.

Kwa hiyo, mwalimu ama mwanafunzi mwenye kusoma hapa, badilisha sentensi ile mu daftari lako. Andika: moto unaondoa mkazo na kuzalisha punje mpya, upande zenye zinatazama unategemea aloi na kazi ya rola. Iko ndefu kidogo, najua. Na siku ya kutetea memwari, mtu akisema alipasha bati na tekstura ikarudi kama mwanzo, mwombe kwa heshima vitu vitatu: michoro miwili, ya mbele na ya nyuma, ku kipimo kimoja cha rangi, idadi ya punje alizohesabu, na milimita za Erichsen. Akiwa navyo, tumupigie makofi. Akikosa, arudi mu laboratwari, tanuru bado liko.